Mtumwa wa Jabari: Jina, Imani na Maisha ya Kareem Abdul-Jabbar

Habari za mwanamichezo mashuhuri aliyebadili dini hupokewa kati yetu kwa namna mbili, na zote mbili hazimtendei haki mhusika. Wako wanaozipokea kama msiba: fulani amepotea, tumwombee. Wako wanaozipokea kama kombe: mtu mkubwa kiasi hicho ameutambua ukweli, sisi ni akina nani tusimfuate? Mihadhara ya dini iliyofanyika viwanjani katika miaka ya 1990, kwa pande zote mbili, iliwazoeza watu wengi kuwahesabu waongofu kama mabao. Katika makala hii tunakusudia kumwangalia mmoja wa watu hao, Kareem Abdul-Jabbar wa Marekani, mchezaji wa mpira wa kikapu aliyezaliwa Mkatoliki kwa jina la Ferdinand Lewis Alcindor, na tunataka kumsikiliza kwanza kabla ya kumhesabu.

Kumsikiliza kunawezekana kwa sababu yeye ni mwandishi. Kitabu chake cha kwanza cha maisha yake, Giant Steps, alichokiandika pamoja na Peter Knobler, kilitoka mwaka 1983; jina lake ni lile lile la rekodi ya John Coltrane ya mwaka 1960, jambo lisilomshangaza anayejua kwamba mwandishi alilelewa katika nyumba ya muziki wa jazi. Mwaka 2015 aliandika makala fupi akieleza sababu za kusilimu kwake. Mwaka 2017 vilitoka vitabu viwili: Coach Wooden and Me, juu ya urafiki wake wa miaka 50 na kocha wake wa chuoni, na Becoming Kareem, kilichoandikwa kwa ajili ya vijana. Maandishi haya hayana uzito sawa. La mwaka 1983 ni kali, lenye chuki ambayo mwandishi haifichi, na kwa maoni yetu ndilo lenye faida kubwa zaidi kwa mwanatheolojia. Ya baadaye yametulia. Mzee anayaeleza mambo ya ujana wake akiwa amekwisha kuyapanga rafuni, kila sababu mahali pake. Msomaji atajifunza kutoka yote, lakini ajihadhari na utulivu huo.

Kwanza tuseme kidogo juu ya mchezo. Msomaji asiyefuatilia mpira wa kikapu anaweza kuiruka aya hii, ingawa atakuwa amekosa kitu. Alcindor alizaliwa New York tarehe 16 Aprili 1947. Katika shule ya Kikatoliki ya Power Memorial timu yake ilishinda michezo 71 mfululizo. Katika chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, chini ya kocha John Wooden, ilishinda michezo 88 na kushindwa miwili tu, ikatwaa ubingwa wa vyuo mwaka 1967, 1968 na 1969. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1967, wasimamizi wa michezo ya vyuo walipiga marufuku mchezaji kuruka na kuushindilia mpira kikapuni kwa mkono kutoka juu, marufuku iliyodumu mpaka mwaka 1976, na watu wengi waliona wazi ilimlenga nani. Yeye akajibu kwa kuukamilisha mtupo ambao hakuna sheria iliyoweza kuukataza: ubavu kwa kikapu, mkono mmoja ukipanda mpaka mwisho wa urefu wake na kujikunja kama ndoana, mpira ukiachiliwa mahali ambapo hakuna mkono mwingine unaofika. Kwa mtupo huo, mtu mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.18 alicheza misimu 20 katika ligi ya kulipwa, sita akiwa Milwaukee na 14 akiwa Los Angeles, akapata ubingwa mara sita na tuzo ya mchezaji bora wa msimu mara sita, akastaafu mwaka 1989 akiwa na umri wa miaka 42 na pointi 38,387. Hakuna aliyezifikia mpaka LeBron James alipozipita tarehe 7 Februari 2023, na mzee mwenyewe alikuwapo ukumbini akamkabidhi mpira. Pamoja na hayo yote, watazamaji wa Marekani walimstahi kuliko walivyompenda. Alikuwa mkimya, mwenye kusoma vitabu, mzito wa kucheka mbele ya waandishi wa habari. Sehemu ya ubaridi huo ilitokana na tabia yake. Sehemu nyingine ilitokana na jina.

Basi, aliliacha Kanisa kwa nini? Mwanafunzi wetu anayefungua kitabu akitazamia hoja dhidi ya Utatu Mtakatifu au dhidi ya Umungu wa Kristo atajikuta anapewa kitu kingine. Uzito wa masimulizi uko katika mambo yaliyotokea. Mtoto huyu alisoma katika shule za Kanisa na alihudumu altareni. Tarehe 15 Septemba 1963, siku ya Jumapili, bomu lililotegwa na watu weupe waliochukia watu weusi lililipuka katika kanisa la Kibatisti la Mtaa wa 16 mjini Birmingham, Alabama, likawaua wasichana wanne. Alcindor alikuwa na miaka 16. Miezi michache baadaye, wakati wa mapumziko ya mchezo mmoja, kocha wake wa shule, ambaye alikuwa amemtegemea kama baba wa pili, alimgombeza mbele ya wenzake kwamba anacheza kama mtu mweusi, akitumia lile neno la tusi ambalo wenye watumwa waliwaitia watumwa wao. Hili lilitendeka katika shule ya Kanisa. Kiangazi cha mwaka 1964 alifanya kazi ya uandishi katika mradi wa vijana wa Harlem, akahudhuria mkutano wa Martin Luther King na waandishi wa habari, akasoma historia ya watu wake katika maktaba ya Schomburg, na mwezi Julai akaziona ghasia za Harlem kwa macho yake. Alipofika chuoni alisoma maisha ya Malcolm X. Mwaka 1968, akiwa bado mwanafunzi, alikataa kujiunga na timu ya Marekani iliyokwenda kwenye Michezo ya Olimpiki ya Mexico, na mwaka huo huo akatamka shahada. Alichokichagua kilikuwa Uislamu wa Kisuni. Kundi la Elijah Muhammad, ambalo bondia Muhammad Ali alikuwa amejiunga nalo, hakulifuata.

Tunasisitiza mfuatano huu kwa sababu una jambo la kutuambia sisi tunaowaandaa wachungaji. Kijana huyu hakushindwa na katekisimu. Alikuwa anaijua. Kilichomshinda ni kwamba katekisimu ile haikuwa na neno lolote juu ya wasichana wanne wa Birmingham, wala juu ya kinywa cha kocha. Tunaweza kusema, kwa haki, kwamba Martin Luther King naye alikuwa mchungaji, na kwamba kanisa lililolipuliwa lilikuwa kanisa la watu weusi waliokataa kumwachia mwenye bomu dini yao. Hayo ni majibu mazuri. Lakini tunapoyasoma maandishi ya Abdul-Jabbar tunaona kwamba majibu hayo hayakumfikia kupitia Kanisa lake mwenyewe katika saa aliyoyahitaji, na jibu linalofika baada ya miaka 20 humkuta mtu yuko mahali pengine.

Hoja anayoirudia zaidi, hasa katika makala ya mwaka 2015, ni ya jina. Alcindor, anaeleza, lilikuwa jina la mkulima wa Kifaransa aliyewamiliki mababu zake katika visiwa vya Karibi. Mababu hao walikuwa Wayoruba, kutoka nchi inayoitwa leo Nigeria. Kuendelea kulibeba jina la mwenye watumwa aliona ni kuwavunjia heshima waliotumikishwa. Anakumbusha pia kwamba miongoni mwa Waafrika waliovushwa bahari walikuwamo Waislamu, na kwa hiyo kusilimu kwake anakuona kama kurejea nyumbani. Tarehe 30 Aprili 1971 Milwaukee ilitwaa ubingwa. Mara tu baada ya hapo akautangazia umma jina ambalo Waislamu wenzake walikuwa wakimwita.

Hapa hatuna budi kuhoji. Sehemu ya kwanza ya hoja hatuwezi kuipinga, na Mkristo anayejaribu kuipinga anajiaibisha. Tena sisi Walutheri tusidhani kwamba habari ya mashamba ya Karibi ni ya Wakatoliki wa Ufaransa peke yao. Ufalme wa Denmark, ambao dini yake ya taifa ilikuwa Ulutheri, ulikuwa na ngome ya Christiansborg pale Accra na ulikuwa na visiwa vyake huko Karibi. Watumwa wa visiwa hivyo walipata uhuru mwaka 1848 tu. Watu walioungama Ungamo la Augsburg walinunua na kuuza watu. Mwenye kutaka kumjibu Abdul-Jabbar aanzie hapo.

Sehemu ya pili ya hoja, ile ya kurejea nyumbani, ndiyo inayoonekana nyepesi ikisomwa kutoka upande huu wa Afrika. Misafara iliyopita Tabora na Ujiji kuelekea Bagamoyo iliongozwa kwa sehemu kubwa na wafanyabiashara Waislamu, Waarabu na Waswahili. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba chini ya shinikizo la Waingereza, na kanisa la Kianglikana likajengwa mahali pale pale. Kwa hiyo mlingano kwamba Ukristo ni dini ya bwana na Uislamu ni dini ya mtumwa hausimami ukiuleta Pwani. Na mtu anaweza kuuliza zaidi: kama kiu ilikuwa ya jina la Kiyoruba, mbona jina lililochukuliwa ni la Kiarabu? Tunalitaja jambo hili kwa sababu ukosoaji wa haki unalidai, lakini hatupendi liwe fimbo. Mnyang'anyi wa Unguja hamtakasi mnyang'anyi wa Karibi. Aidha, Kiarabu kimekuwa chombo cha sala kwa mamilioni ya Waafrika kwa karne nyingi, Wayoruba wakiwamo, na sisi tunaoitwa Yohana na Mariamu hatuna haki ya kumcheka mtu kwa kubeba jina lililotoka katika lugha nyingine ya Kisemiti.

Tulichunguze basi jina lenyewe, kwa maana ndipo utajiri wa habari hii ulipo. Wamarekani walihitaji kufafanuliwa; msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi. Kareem ni karimu. Jabbar ni Jabari, Mwenye nguvu zote, moja ya majina mazuri ya Mungu ambayo Mwislamu huyataja, na ambalo limeingia katika Kiswahili. Abdul ni mtumwa wa. Huyu mtu aliyelikataa jina kwa sababu lilikuwa la mwenye watumwa, akachukua jina ambalo ndani yake limo neno mtumwa. Tunashangaa kuona jinsi ambavyo yeye mwenyewe, na wengi waliomwandikia sifa, wanalipita neno hilo upesi. Hutafsiri mtumishi, nao wamemaliza. Lakini uzito wote uko hapo. Mtu ambaye ni mtumwa wa Jabari hawezi kuwa mali ya Alcindor. Utumwa mmoja unaufuta mwingine.

Wanafunzi wetu wa Agano la Kale wanaifahamu mizizi hii. Neno la Kiarabu abd na la Kiebrania eved ni ndugu. Obadia ni mtumwa wa Bwana. Katika Danieli 1:7 vijana wanne waliotekwa wanapewa majina mapya na mkuu wa matowashi, na mmoja wao, Azaria, anaitwa Abednego, jina ambalo wataalamu wengi huliona kuwa na maana ya mtumwa wa Nebo, mungu wa Babeli. Ni jambo la kutafakari kwamba katika shule zetu za Jumapili watoto huwajua Shadraka, Meshaki na Abednego, na ni wachache wanaoweza kutaja Hanania, Mishaeli na Azaria. Kanisa limewakumbuka vijana hao kwa majina waliyopewa na aliyewateka. Kijana wa Harlem aliyekataa kukumbukwa hivyo hakuwa anafanya jambo geni katika Maandiko.

Naye Mtume Paulo anapojitambulisha mwanzoni mwa Waraka kwa Warumi hajiiti kwanza Mtume. Anajiita mtumwa, na anataja wa nani. Hata jina la kanisa letu lina historia ya namna hiyo. Martin alizaliwa mwana wa Hans Luder. Katika majira ya mwaka 1517, mwaka wa zile hoja 95, alianza kulibadili: akaandika Luther, na katika baadhi ya barua zake kwa marafiki akatia sahihi Eleutherius, kwa Kigiriki aliye huru. Katika barua mojawapo ya Novemba mwaka huo, baada ya kujiita huru, papo hapo aliongeza kwamba kwa kweli ni mtumwa na mfungwa. Miaka mitatu baadaye maneno hayo mawili, huru na mtumwa, yakawa nguzo mbili za kijitabu chake juu ya uhuru wa Mkristo. Sisi tunaoitwa Walutheri tunabeba, karne tano baadaye, jina lililobadilishwa na mtu aliyegundua ni nani anayemmiliki.

Tofauti zipo na hatupendi kuzifunika. Uhuru wa Luther ulikuwa ndani ya Kristo aliyejifanya mtumwa, na hapo ndipo njia zetu na za Abdul-Jabbar zinapoachana, maana Jabari anayemtumikia yeye hachukui namna ya mtumwa. Tunaamini kwamba kijana yule alikuwa na njaa ya kusikia habari hiyo hasa, ya Mungu anayekaa upande wa aliyeuzwa, na tunaamini ilikuwamo katika misa aliyoihudumia altareni. Hatuwezi kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyemwambia.

Jambo jingine ni la baba. Ferdinand Lewis lilikuwa jina la baba yake, askari polisi wa usafiri wa New York aliyesomea muziki katika shule ya Juilliard na kupiga jazi. Mtoto alipewa lote zima. Mkulima wa Kifaransa alikuwa na sehemu moja tu ya jina hilo, ile ya ukoo. Sehemu nyingine zilitoka nyumbani. Abdul-Jabbar anapolihukumu jina anahukumu lote kwa pamoja, na katika jambo hili tunaona maandishi yake ya baadaye ni nadhifu kupita kiasi. Mwaka 1971 alipofunga ndoa ya Kiislamu, wazazi wake Wakatoliki hawakuruhusiwa kuingia. Hilo halikuwa kosa la mkulima wa Kifaransa.

Aliyewazuia ni Hamaas Abdul Khaalis, na hapa tunafika kwenye sehemu ambayo sisi tungemshauri kila mwalimu wa theolojia aisome. Khaalis, mpiga ngoma wa jazi wa zamani na rafiki wa baba yake, aliyekuwa ameliacha kundi la Elijah Muhammad, ndiye aliyemfundisha Uislamu, ndiye aliyempa jina la Kareem Abdul-Jabbar, na ndiye aliyemchagulia mke wakati moyo wa kijana ulikuwa kwa mwingine. Mwanafunzi alitii. Alimnunulia mwalimu wake nyumba mjini Washington. Januari 1973 watu wa kundi alilolishutumu Khaalis waliivamia nyumba hiyo wakaua watu saba, wengi wao watoto, wakiwamo wachanga. Machi 1977 Khaalis, akiwa na wafuasi wenye silaha, aliteka majengo matatu mjini humo na watu zaidi ya 100 ndani yake. Kijana mmoja mwandishi wa redio aliuawa. Mabalozi wa Misri, Pakistan na Iran walikwenda kuzungumza naye, wakasoma naye Kurani, mpaka akakubali kuwaachia mateka. Alifia gerezani mwaka 2003.

Mtu aliyeingia katika dini kwa mkono wa mwalimu wa namna hiyo angeweza kutoka kwa mlango ule ule. Abdul-Jabbar hakutoka. Mwaka 1973 alisafiri kwenda Libya na Saudi Arabia kujifunza Kiarabu cha kumtosha kuisoma Kurani mwenyewe, na aliporudi alijua mahali anapotofautiana na mwalimu wake, wakaachana. Alibaki na imani na akabaki na jina. Sisi tunaowalazimisha wanafunzi kujifunza Kigiriki na Kiebrania huku wakinung'unika, je, tuna mfano ulio bora zaidi wa kuwaonyesha kwa nini mwamini asiishi kwa tafsiri ya mdomo wa mtu mmoja? Na wale waliosoma historia ya Kanisa watakumbuka mabishano ya Augustino na Wadonati: je, kilichotolewa na mkono usiofaa kinabatilika? Hatusemi kwamba kupewa jina na Khaalis ni ubatizo. Tunasema kwamba mtu huyu, nje ya Kanisa na bila kumtaja Augustino, alilijibu swali hilo kwa maisha yake jinsi Augustino alivyolijibu.

Kabla ya kumaliza tugeukie upande wa waliomzunguka, kwa sababu jina halibadilishwi na mtu mmoja. Linahitaji wengine waliite. Ali alipobadili jina mwaka 1964, bondia Floyd Patterson, Mkatoliki aliyejulikana kwa ibada yake, aliendelea kumwita Clay kwa makusudi. Ernie Terrell akafanya hivyo hivyo, na Februari 1967 mjini Houston akapigwa raundi 15 huku akiulizwa jina. Kwa Patterson kukataa jina lilikuwa tendo la kutetea imani. Tunafahamu kwamba desturi hiyo haiko Marekani peke yake. Katika sharika zetu zipo familia ambazo kijana wao amesilimu, au binti ameolewa na Mwislamu na kuchukua jina jingine, na wazazi wameapa kwamba ndani ya nyumba hiyo jina hilo halitatamkwa. Mchungaji huulizwa kama wamefanya vema. Kwa maoni yetu hawakufanya vema. Kumwita mtu kwa jina analoitika si kuikiri shahada yake. Ni kuacha mlango wa mazungumzo wazi, na mlango huo ukifungwa hakuna mahubiri yatakayopita dirishani.

Tukumbuke pia kwamba Kanisa lenyewe limewahi kulijua jambo hili kuliko linavyodhani. Kilimanjaro na Upare Walutheri wamebatizwa kwa majina kama Haikaeli na Elisante, shukrani ya lugha ya nyumbani ikiunganishwa na El, jina la Kiebrania la Mungu. Wakati huo huo sehemu nyingine mtoto hakufika kwenye kisima cha ubatizo mpaka apatiwe jina la Ulaya, na wako akina Wilhelm na Adolf wa Kiafrika waliolala makaburini bila kujua waliitwa kwa heshima ya nani. Kati ya njia hizo mbili, ni ya kwanza ambayo ingempa Alcindor sababu ya kusita.

Limebaki shauri moja, ambalo wanaomsifu na wanaomlaumu hulisahau. Mwaka 1993, wakati wa mashindano ya vyuo, kampuni ya magari ya General Motors ilionyesha televisheni tangazo la gari lake la Oldsmobile. Tangazo liliuliza ni nani aliyechaguliwa mara nyingi zaidi kuwa mchezaji bora wa mashindano hayo, likajibu: Lew Alcindor, 1967, 1968, 1969. Mwenyewe hakuombwa ruhusa. Abdul-Jabbar akashtaki. Kampuni ilijitetea kwamba jina hilo alikwisha kuliacha zaidi ya miaka 20 nyuma, kwa hiyo halikuwa lake tena, na mahakama ya kwanza ikakubaliana nayo. Mwaka 1996 mahakama ya rufani iliutengua uamuzi huo. Majaji walieleza kwamba jina alilozaliwa nalo mtu si kama alama ya biashara ambayo mwenyewe huipoteza kwa kuacha kuitumia. Hata asipolitumia, halijawa mali ya anayetaka kulichukua. Kesi ikarudishwa kusikilizwa upya, mdai akiwa Kareem Abdul-Jabbar, na jina linalodaiwa likiwa Lew Alcindor.